Pini Iliyovunjikia Ndani

Kompyuta ile ilikuwa ikidai kwamba kuna mtu anaisikiliza. Ukiiwasha, kwenye kona ya kioo kinatokea kialama cha hedifoni, kidogo kama punje ya mtama, na spika zinanyamaza. Hedifoni zenyewe hazikuwapo. Hapakuwa na waya uliochomekwa wala mtu aliyevaa kitu masikioni. Lakini mashine ilishikilia kauli yake: yupo anayesikia, kwa hiyo ninyi wengine hamna haja ya kusikia.

Fundi alikuwa ameona kasoro ya namna hiyo mara nyingi, na haikumshtua. Siku hizo mambo ya kumshtua yalikuwa machache. Mkewe alifariki mwaka uliopita, na tangu hapo aliishi kama mtu aliyebeba gunia la mchanga asilojua atalitua wapi. Aliamka amechoka, akalala amechoka. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana: meza ndefu, taa ya kuinamisha, lenzi, chuma cha kulehemu, na mashine za watu zilizopangwa ukutani zikisubiri zamu. Wateja walimbandika jina la Fundi Kesho. Hakulikataa, maana hata yeye hakujua kesho hiyo ni lini.

"Msimcheke," dada yake mkubwa alizoea kuwaambia wateja, huku yeye ndiye anayecheka. "Kesho ya Mungu haikosi kufika. Ya huyu ndiyo yenye mashaka."

Dada huyo alikuwa mjane wa siku nyingi. Alihamia pale baada ya mazishi ili ndugu yake asife njaa na chakula kiko jikoni.

Aliyeileta kompyuta alikuwa mwanamke mtu mzima, mwalimu wa madrasa, mtaa mzima ukimwita Bi Mwalimu. Alikuja asubuhi na mapema, mashine ameizungushia shuka safi, akaiweka mezani kwa mikono miwili kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

"Ya mwanangu," alisema. "Marehemu. Huu mwezi wa pili."

"Pole sana, mama. Mungu amrehemu."

"Amina. Nawe pole. Nilisikia ya kwako."

Akaikunjua shuka, pembe moja moja.

"Mwanangu alikuwa haongei," Bi Mwalimu akaendelea. "Homa ilimchukua ulimi akiwa na miaka miwili. Masikio ikamwachia. Akayatumia hayo hayo kupata riziki. Watu wakirekodi mikutano yao, mawaidha yao, wanamletea. Anavaa hedifoni, anasikiliza, anaandika neno kwa neno. Hakuwa akikosea. Sasa miezi minne ya mwisho, fundi, kazi ziliisha lakini hedifoni hazikutoka masikioni. Kutwa anasikiliza. Nampelekea uji, anaupokea kwa heshima; nikirudi naukuta umeganda. Na anacheka. Kicheko chake hakikuwa na sauti, mabega tu yanatetemeka, lakini mimi mama yake nakijua. Alikonda hadi pete ikawa inamdondoka kidoleni. Hospitali walipima kila kinachopimika, wakasema mzima. Siku mbili kabla ya kufa ndipo akazivua. Tangu siku hiyo mashine haijatoa sauti."

"Sasa unataka niitengeneze upate kuiuza?"

"Niuze nini? Nataka kusikia alichokuwa akisikiliza. Basi. Nimemzaa, nimemlea, nimemzika. Yake yote nayajua isipokuwa hilo moja, na hilo moja ndilo linaloninyima usingizi."

Fundi akaivuta taa. Akamweleza polepole, maana alipenda mtu ajue anachotengenezewa: ndani ya tundu la hedifoni kuna kijibati, pini ikiingia inakisukuma, na mashine ikiona kimesukumwa inazima spika, inapeleka sauti kwenye waya. Akaweka lenzi jichoni, akainama.

"Hii hapa. Pini imevunjikia ndani. Kichwa kimebaki humo, kijibati kimesukumwa muda wote. Ndiyo maana inadhani kuna mtu."

"Inatoka?"

"Inatoka. Njoo kesho."

Jikoni, dada mtu alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

Siku hiyo hiyo, baada ya adhuhuri, jua likiwa limesimama na mtaa wote umejifungia ndani kulikimbia joto, fundi aliianza kazi. Aliitoa betri na kuiweka rafuni. Akachukua mrija wa wino wa kalamu kuukuu, akaupaka gundi kali nchani, tone dogo lisilozidi chozi la sisimizi. Akauingiza tunduni mpaka ulipogusa kipande kilichovunjika, akausubiri ushike. Hiyo ndiyo njia. Ukiwa na haraka, unagundisha tundu zima na mashine inakufia mkononi. Yeye hakuwa na haraka. Hakuwa na pa kwenda.

Kipande kilitoka kwa kuvutwa mara ya tatu. Akakiweka kwenye kitambaa cheupe, akakitazama kwa lenzi.

Ni vizuri msomaji ajue kwamba karibu kila fundi wa mashine hizi ana pini butu. Anaikata kutoka kwenye hedifoni zilizokufa, pini tupu isiyo na waya, na akiletewa mashine inayopiga makelele anaichomeka, mashine inanyamaza, naye anafanya kazi kwa raha. Kipande alichokitoa fundi kilikuwa cha pini ya namna hiyo. Shingo yake ilikuwa na mikwaruzo ya tupa pande zote, mikwaruzo ya mtu aliyeipunguza kwa subira ili ikikunjwa ikatike palepale, chini kabisa, pasipofikiwa na kibano. Na kwenye ncha yake palikuwa na gundi kavu ya zamani.

Ajali haibebi tupa. Fundi aliyaona hayo yote, na kama angekuwa na nguvu zake za zamani angejiuliza kwa nini mtu aizibe mashine yake kwa makusudi namna ile. Lakini mtu aliyechoka haulizi. Hushukuru tu kwamba kazi imekwisha. Alidhani ametoa kasoro. Kumbe alikuwa amechomoa komeo.

Pamba iliyokuwa mezani, karibu na tundu, ilisogea. Ilisogea kidogo, kama imepulizwa. Kisha ikaja harufu: si ya kuungua, si ya gundi, ni ile harufu ya sanduku la nguo za mtu aliyekufa, lililofungwa muda mrefu na kufunguliwa siku ya kugawa. Fundi alidhani imetoka chumbani kwake, ambako sanduku la namna hiyo lilikuwapo kweli.

Akachukua hedifoni zake za kujaribia, akazivaa, akachomeka pini. Ilikuwa desturi yake kuvaa kwanza ndipo aweke betri, ili auwahi ule mkwaruzo mdogo wa umeme unapoingia. Betri ilikuwa bado rafuni. Mkono wake ulikuwa njiani kuifuata aliposikia mtu akivuta pumzi.

"Fundi wangu," sauti ikasema. "Mbona umechelewa hivi?"

Mkono ukabaki hewani. Duniani alikuwapo mtu mmoja tu aliyemwita Fundi wangu, na kaburi lake alilifukia yeye kwa mikono yake.

*

Kesho yake Bi Mwalimu alikuja. Fundi akamwambia kipande kimegoma.

Akaja tena siku ya nne. Fundi akamwambia kipande kimetoka lakini tundu limelegea, anatafuta jingine. Alisema hayo bila kumtazama usoni. Katika maisha yake alikuwa ameahidi kesho nyingi asizozitimiza, lakini kumwongopea mteja juu ya kazi yenyewe, hilo hakuwahi kulifanya.

"Haya, mwanangu," Bi Mwalimu alisema. "Mimi nasubiri. Ndiyo kazi niliyobaki nayo." Kisha akamwangalia vizuri. "Unakula lakini?"

"Nakula."

Hakuwa akila. Kutwa nzima alikaa na hedifoni masikioni, taa imezimwa, mlango umerudishwa. Sauti ilimweleza mambo ya nyumba yao ambayo hakuna mwingine aliyeyajua. Ilimkumbusha ugomvi wa pazia la bluu. Ilimkumbusha jina walilokuwa wamemchagulia mtoto ambaye hakuzaliwa. Siku ya pili ilimwambia pete ndogo ya mkewe, ile waliyoitafuta hadi wakalaumiana, iko nyuma ya mguu wa kabati, kwenye ufa wa sakafu. Akaenda, akachokonoa kwa bisibisi, akaitoa. Alilia akiwa amepiga magoti, akarudi kukaa. Na kila alipotaka kunyanyuka, awe na kiu, awe na haja yoyote, sauti ilimwambia neno lile lile, kwa upole ule ule: "Kaa kidogo."

Siku ya sita umeme ulikatika mtaa mzima mara baada ya adhana ya alfajiri. Dada mtu alimpelekea chai karakana, akasimama nje ya mlango na kikombe mkononi. Ndani alisikia ndugu yake akizungumza kwa sauti ya chini, akinyamaza, akizungumza tena.

Akasukuma mlango. "Unaongea na nani humu?"

"Najaribu mashine ya watu."

"Mashine gani inayojaribiwa bila umeme?"

"Ina betri."

Dada akatazama rafuni. Betri ilikuwa pale, imeanza kushika vumbi. Alitaka kutania, kama alivyozoea, kwamba basi hiyo itakuwa inakula kuni. Mzaha ukamfika kooni ukarudi.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "zivue hizo twende ukanawe. Utachelewa msikitini."

"Adhana bado."

"Bado? Alfajiri iliadhiniwa. Jana adhuhuri, alasiri, magharibi, zote. Msikiti uko hapo nyuma ya ukuta, spika yake inatikisa vikombe vyangu. Wewe husikii?"

Fundi alikuwa akihesabu nyuma, siku moja, siku ya pili, siku ya tatu, akitafuta mahali alipoisikia adhana kwa mara ya mwisho, na hakupaona. Dada alipotoka, aliiuliza ile sauti. Aliuliza kwa kunong'ona, kwa sababu moyo wake ulishaanza kujua jibu.

"Mbona siisikii adhana?"

"Waache waite," ikasema. "Mimi nimekuita kwanza."

Hapo ndipo alipoelewa, kwani mkewe alikuwa mwanamke ambaye adhana ikianza tu alikivuta kigoda alichokalia mumewe, akimcheka, akimwambia chuma cha kulehemu hakitamtetea kaburini, na mwanamke yule, awe hai au awe mfu, hangesema maneno kama haya. Alielewa hayo yote waziwazi, alielewa kwamba kilichomo katika kile kitundu si mke wake na hakikupata kuwa mtu, kwamba kimekaa humo kikila masikio ya watu kama mchwa anavyokula mlango, kutoka ndani, mpaka ubaki rangi tupu, na huku akiyaelewa aliona mkono wake mwenyewe ukiisukuma pini ndani zaidi, ikae sawasawa, isije ikatoka.

*

Siku ya tisa dada mtu alijifunga kibwebwe, akaenda hadi kwa Bi Mwalimu. Hakupiga hodi mara mbili.

"Bi Mwalimu, mashine yako ilishapona siku nyingi. Aliyeharibika ni ndugu yangu."

"Anafanyaje?"

"Anasikiliza."

Bi Mwalimu hakuuliza lingine. Alivaa viatu.

Walifika adhuhuri, jua likiwa utosini, mtaa kimya, hata kuku wamejificha. Karakana ilikuwa na giza la mlango uliorudishwa na ile harufu ya sanduku. Fundi aliketi amewapa mgongo, shati likimning'inia mabegani kama limetundikwa msumarini, kichwa amekilaza upande mmoja. Mabega yalikuwa yakitetemeka. Alikuwa akicheka bila sauti.

Bi Mwalimu akashika kizingiti. Alikuwa ameiona picha hiyo kwa miezi minne, na alidhani Mungu hatamwonyesha tena.

"Bismillahi," akasema, akaingia. Akazivua hedifoni kutoka masikioni mwa fundi kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto kupe. Kisha akauvuta waya, pini ikatoka tunduni.

Hakujua alichofanya. Fundi alijua, akainua mkono kumzuia, akachelewa. Pini ikitoka, kijibati kinarudi mahali pake, na spika zinafunguka.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya kijana, nzito kidogo, yenye kigugumizi cha mtu ambaye hajazoea. Ilijaza chumba kizima. Dada mtu alijibandika ukutani na kujiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mama, ni mimi. Nimepewa ulimi."

Bi Mwalimu akakaa. Hakutafuta kiti, alikaa tu chini, palepale alipokuwa.

"Usiitike," dada akanong'ona. "Bi Mwalimu, nakuomba, usiitike."

Lakini mama yule alikuwa na miaka thelathini na moja ya kulisubiri neno hilo moja. Alikuwa amelisubiri juu ya kitanda cha homa, alikuwa amelisubiri kila alfajiri mikono ikiwa juu, aliwafundisha watoto wa watu kusoma na kila mtoto aliyefungua kinywa alimkumbusha kinywa kimoja kilichofungwa nyumbani, na sasa limekuja, mchana kweupe, kwa sauti ambayo ndiyo hasa angeichagua kama angeambiwa achague, na moyo wake ukaanza kulitafutia njia, ukasema kwani huko aliko si hukamilishwa kila kilichopungua, kwani kiwete hatatembea, kwani kipofu hataona, kwani ni kitu gani kwa Mola kumpa mja wake ulimi na kumruhusu alitamke neno moja tu kwa mama yake.

"Mama, nilikuwa nikikuita kila siku," sauti ikasema. "Kaa kidogo. Nisikilize."

Bi Mwalimu alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa, lakini sauti yake ilikuwa ile ya darasani.

"Mwanangu alikuwa haongei," alisema, "na kwa miaka thelathini na moja nilimwelewa. Wewe unaongea, na mimi sikujui."

Kitu ndani ya mashine kikacheka, na hicho hakikuwa kicheko cha kijana yeyote.

"Fundi," Bi Mwalimu akasema bila kugeuka. "Ile pini haikuvunjika yenyewe. Mwanangu alikifungaje?"

Fundi alikuwa ameegemea meza, midomo imepasuka. "Pini butu. Inapigwa tupa shingoni, inapakwa gundi, inavunjiwa ndani."

"Basi fanya."

"Mama, mikono yangu..."

"Fanya na mikono hiyo hiyo. Mimi nasoma."

Akaanza kusoma Ayatul Kursiyi, kwa utulivu, kila herufi mahali pake. Fundi aliikata pini ya hedifoni zake kwa koleo, akaibana, akachukua tupa. Na pini haipigwi tupa kwa haraka. Ukizidisha inakatika kabla haijaingia. Ukipunguza haivunjiki, inabaki imechomoza na yeyote anaweza kuichomoa. Ilimhitaji dakika nne, labda tano. Kwa muda wote huo spika zile mbili, ndogo kama vifungo vya shati, zilitoa sauti za watu: wazee wa mikutano wakibishana, wahubiri, mwanamke akitoa ushahidi, mtoto akiimba namba, watu wote ambao kijana yule bubu aliwahi kuwasikiliza na kuwaandika, wakisema kwa pamoja, kwa kelele, wakimfunika Bi Mwalimu, naye hakupaza sauti wala hakuharakisha, alisoma tu, na alipofika mwisho akaanza tena mwanzo, mpaka sauti zile zikapungua moja moja kama watu wanaotoka ukumbini, ikabaki moja.

"Fundi wangu," ikasema. "Usinizike mara ya pili."

Tupa ikasimama.

"Nakuomba. Kule kuna giza. Wewe mwenyewe uliona nilivyokuwa naogopa giza."

Na ni kweli, mkewe alikuwa akiogopa giza. Machozi yakamdondokea fundi kwenye vidole, pini ikateleza. Dada mtu, aliyekuwa amejibandika ukutani, akabanduka, akasimama nyuma ya ndugu yake na kumziba masikio kwa viganja vyake, kwa nguvu, kama walivyofanyiana utotoni radi ikipiga. Fundi akamalizia tupa. Akapaka gundi. Akaisukuma pini tunduni, akasubiri ishike, akaikunja.

Ikakatika. Tak.

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito hadi wakayasikia maji yakidondoka kwenye bomba la jikoni. Kioo cha mashine, isiyo na betri wala umeme, kikawaka mara moja, na kwenye kona yake kikatokea kile kialama kidogo cha hedifoni. Kisha kikazimika.

Nyuma ya ukuta, adhana ya adhuhuri ilikuwa katikati. Fundi aliisikia, akaweka paji la uso juu ya meza.

*

"Sasa nimejua," Bi Mwalimu alisema baadaye, wamekaa jikoni wote watatu, fundi akinywa uji kwa kijiko, vijiko vitatu na kupumzika. "Alikuwa akijisikiliza mwenyewe. Hicho kitu kilimpa sauti, nani angekataa? Wewe kilikupa mke. Yeye kilimpa yeye."

"Lakini alikifunga," dada akasema.

"Alikifunga." Akageuza kikombe mkononi. "Nafikiri siku hiyo ndipo kilipojifunza kusema Mama. Akajua kinamtaka nani baada yake. Hakuwa na nguvu ya kujiokoa, nguvu zilishakwisha. Aliyokuwa nayo ikamtosha kupiga tupa pini moja." Akakiweka kikombe chini. "Na mimi nikaichukua kazi yake ya mwisho, nikaileta kwa fundi, nikasema ni kasoro, itolewe."

Dada akamwongezea chai.

Alipoondoka alikataa kuichukua mashine. "Usinipe," alisema. "Leo nimeshinda. Mimi ni mama; sijui ya kesho." Kwa hiyo alasiri hiyo fundi aliifungua mashine skrubu kwa skrubu, akaukata ubao wake vipande kwa koleo, na dada akavichanganya kwenye ndoo ya saruji iliyobaki walipoziba nyufa za ngazi. Saruji ikakauka, wakaizika nyuma ya nyumba, kina cha kiuno. Kuhusu yaliyobaki, Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi wa ya siri na ya dhahiri.

Bi Mwalimu alirudi madrasa. Wanaomjua wanasema analala. Hakuporwa kitu, maana mwanawe hakuacha sauti ya kuibiwa. Aliacha kimya, na kimya chake anacho mpaka leo, kizima, kama alivyokiacha.

Fundi alirudishiwa mwili. Alikula, akaswali, wateja wakaja kudai kesho zao, dada akawatania. Uchovu ukabaki, lakini ulikuwa uchovu wa watu wote.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuwa amethubutu kukigusa tangu siku ile. Siku tatu za mwisho za mkewe alikaa naye hospitali, kwenye kiti cha chuma, bila kulala. Alfajiri ya siku ya tatu mkewe alifungua macho, akamtazama, akasema: "Umechoka. Nenda nyumbani ukalale." Maneno manne tu. Kisha akafumba macho, na fundi akachukua viatu vyake akaenda, na hakumkuta tena. Maneno hayo manne ndiyo yalikuwa urithi wake. Kwa mwaka mzima, kabla ya mashine ile, aliyatembelea kila siku, kama wengine wanavyotembelea makaburi.

Ijumaa moja, baada ya alasiri, alijilaza mkekani, mlango wazi, mtaa ukipita na shughuli zake. Akajiambia, leo. Akafumba macho, akaviita vitu kimoja kimoja. Kitanda. Chupa ya maji ya dripu. Nzi kwenye kioo cha dirisha. Uso wa mkewe, midomo iliyokauka. Vikaja vyote, kila kimoja mahali pake, naye akashukuru. Macho ya mkewe yakafunguka. Midomo ikafunguka.

"Umechoka. Nenda nyumbani ukalale."

Akasikiliza kwa makini. Sauti ilikuwa yake? Ilikuwa kama yake. Akangoja mkewe afumbe macho, maana hapo ndipo panapoishia, hapo ndipo yeye huinama kuchukua viatu.

Macho hayakufumbwa. Sauti ikaendelea: "Kaa kidogo."